Joanie Weston, malkia wa magurudumu ambaye Katesh hatukumwona

Wadau, tuanze kwa kusahihisha jambo moja. Ukitaja dabi hapa chuoni, kila mtu anafikiria Simba na Yanga, na ubishi unaanza hapo hapo. Dabi ninayoiandikia leo ni nyingine kabisa. Ilichezwa na watu waliovaa viatu vya magurudumu, wakizunguka kwa kasi kwenye njia ya mbao, wakisukumana kwa mabega na viuno, na waliovuta macho ya watu kuliko wote walikuwa wanawake. Inaitwa rola dabi. Malkia wake alikuwa Mmarekani, Joan Weston, ambaye mashabiki walimwita Joanie. Alifariki mwaka 1997, wengi wetu tukiwa hatujazaliwa.

Nilimfahamu kwa bahati tu. Muhula uliopita, usiku mmoja hosteli, nilimkuta mwenzetu wa Dongobesh, Mbulu, akiangalia video za zamani kwenye simu. Mwanzoni nilidhani ni mieleka. Nikavuta kiti. Nikaona mwanamke mrefu, nywele za dhahabu, anapita katikati ya watu wanaotaka kumwangusha, anayumba, anasimama, anaendelea. Mwenzangu alikuwa ametulia kimya kama mtu anayeangalia picha za nyumbani.

Mjue kwanza huyo mwenzangu ni nani. Sekondari alikuwa mkimbiaji. UMISSETA alifika hadi ngazi ya taifa. Alipoingia chuo alikimbia msimu mmoja, kisha mdhamini wa mbio za wanawake akajitoa, na mashindano yakaota mbawa. Tangu hapo raba zake ziko chini ya kitanda. Usiku ule aliniuliza yule dada wa kwenye video aliishia wapi, na kwa nini mchezo wenye watu wengi namna ile ulipotea. Sikuwa na jibu. Nimetafuta, nimesoma, na makala hii ndiyo jibu langu kwake. Lakini naona linatuhusu wengi.

Kwanza, tuliyoyasikia nyumbani

Mimi natoka Katesh, chini ya Mlima Hanang. Yeye anatoka upande wa juu, Mbulu. Wilaya zetu mbili zina sifa moja inayojulikana nchi nzima: zinatoa wakimbiaji. John Stephen Akhwari ni mtoto wa Mbulu. Mwaka 1968, kwenye marathoni ya Olimpiki ya Mexico City, alianguka akaumia goti, akafungwa bandeji, akaendelea hadi mwisho. Aliingia uwanjani zaidi ya saa nzima baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Gidamis Shahanga ni wa kwetu Katesh. Mwaka 1978 alishinda marathoni ya Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Edmonton, Kanada, na mwaka 1982 akachukua dhahabu ya mita 10,000 huko Brisbane, Australia.

Haya yote babu zetu waliyapata kwa redio. Zanzibar ilianza kurusha televisheni ya rangi mapema miaka ya 70, lakini Bara tulisubiri hadi 1994. Maana yake ni kwamba kamera zilizompiga Akhwari picha akichechemea zilionyesha dunia nzima, isipokuwa kijijini kwake. Watu wa Mbulu walijichorea wenyewe vichwani namna alivyoingia uwanjani. Mpaka leo ukikaa na wazee kwenye gulio la Katesh, kila mmoja ana mbio zake za Akhwari, na hazifanani.

Sasa nilipowauliza wazee hao kuhusu wanawake waliokimbia enzi hizo, walikuna kichwa. Haikuwa kwamba wasichana wa Kiiraqw na Kibarabaig walikuwa hawana pumzi. Walikuwa wanapanda na kushuka makorongo hayo hayo, na ndoo kichwani juu yake. Tatizo lilikuwa pengine. Mwaka ule wa 1968, mbio ndefu kuliko zote kwa mwanamke kwenye Olimpiki ilikuwa mita 800. Marathoni ya wanawake ilisubiri mpaka Los Angeles 1984. Kwa hiyo hata kama Mbulu ingekuwa na msichana wa kumwacha Akhwari kilima kizima, asingepewa namba ya kifuani. Wakubwa wa michezo waliamini mwili wa mwanamke hauwezi.

Na hapo ndipo Joanie Weston anapoingia. Kwa sababu mwaka huo huo wa 1968, huko California, yeye alikuwa anagongana mabega kila usiku, anaanguka kwenye mbao, anainuka, kwa sheria zile zile walizochezea wanaume, na Marekani nzima inamtazama kwenye televisheni.

Mchezo uliozaliwa wakati wa njaa

Ili kumwelewa lazima uujue mchezo wenyewe. Rola dabi ilianzishwa na mfanyabiashara wa burudani, Leo Seltzer, jijini Chicago, Agosti 1935. Uchumi wa dunia ulikuwa umeanguka, watu hawana kazi, na burudani ya bei nafuu ilikuwa na soko. Wazo lake la kwanza lilikuwa mbio za masafa: jozi za mwanamume na mwanamke wanapokezana kuzunguka ukumbini siku baada ya siku, mpaka watimize umbali wa kuvuka Marekani. Lakini watazamaji walikuwa wanapiga kelele zaidi wachezaji wanapogongana kwa bahati mbaya. Inaelezwa kwamba mwandishi wa magazeti Damon Runyon ndiye aliyemshauri Seltzer aache kuzuia kugongana, afanye ndiyo mchezo wenyewe.

Kanuni ni rahisi kuliko unavyodhani. Timu mbili ziko kwenye njia ya duara. Kwenye njia ya zamani, upande wa nje ulikuwa umeinuliwa kama ukuta wa bakuli. Wachezaji wengi wanakwenda kwa kundi. Wachache, tuwaite wapenyaji, wanachomoka, wanazunguka na kulifikia kundi kwa nyuma, kisha wanajaribu kupenya. Kila mpinzani unayempita ni pointi moja. Wazuiaji wa timu pinzani wanakuwekea bega, kiuno, ukuta. Wakati huo huo wanatakiwa kumfungulia njia mpenyaji wao. Yaani unashambulia na kulinda kwa pumzi moja.

Jambo lililoifanya rola dabi iwe ya pekee ni hili: wanawake walicheza kipindi chao, wanaume chao, wakipokezana, na pointi zote zilijumlishwa kwenye ubao mmoja. Mwanamke akizembea, timu nzima imefungwa. Mwanamke aking'ara, wanaume wenzake wamebebwa. Niambieni, mwaka 1935, ni mchezo gani mwingine wa kulipwa ulikuwa hivyo?

Mwaka 1948 televisheni ya New York ikaanza kuuonyesha. Seti zilikuwa chache, watu walijazana kwenye baa na mbele ya madirisha ya maduka. Ghafla viwanja vikafurika. Nyota wa enzi hiyo alikuwa Midge Brasuhn, mwanamke mfupi aliyejulikana kwa ukali. Lakini televisheni ile ile iliyoupandisha mchezo ikauchosha. Ulionyeshwa mno, watu wakauzoea, na mapema miaka ya 50 umaarufu ukashuka. Seltzer akafunga virago kuelekea pwani ya magharibi.

Msichana wa California

Joan Weston alizaliwa tarehe 18 Machi 1935, kusini mwa California. Ukihesabu, utaona yeye na rola dabi ni rika moja, wamepishana miezi mitano tu. Alikua msichana mrefu mwenye mabega mapana, wakati ambapo urefu kwa msichana ulionekana kama kasoro ya kufichwa. Alisoma chuo cha Kikatoliki cha wanawake, Mount St. Mary's, Los Angeles, na huko alicheza softiboli. Inasimuliwa kwamba katika mechi moja aliupiga mpira mara nane kwa nguvu kiasi cha kuzunguka vituo vyote bila kukamatwa. Mara nane, mechi moja.

Swali lililokuwa mbele yake mnalifahamu, hata nyie wa leo. Una kipaji, umemaliza, sasa unakwenda wapi nacho? Mwanamume mwenye mkono kama ule angetafutwa na timu za kulipwa. Kwa mwanamke milango ilikuwa michache, na mingi ilikuwa imefungwa. Mlango mmoja uliokuwa wazi ulikuwa na magurudumu. Mwaka 1954 akaingia rola dabi.

Angalia alivyochagua wakati. Mchezo ulikuwa umeporomoka. Mbwembwe za New York zilikuwa zimekwisha, viwanja vilikuwa nusu tupu. Alipitia timu kadhaa, akajifunza kazi kwa kuanguka, kama wote. Hapakuwa na njia nyingine. Njia ya mbao haina huruma kwa goti, na helmeti haiwezi kuzuia kila kitu.

Miaka ya mwisho ya 50 mwana wa Leo, Jerry Seltzer, alichukua biashara. Huyu alikuwa na akili ya soko. Alirekodi mechi kwenye kanda za video, akazisambaza kwa vituo vya televisheni mji baada ya mji, hadi zaidi ya vituo 100. Vituo vingi vidogo vilikuwa na njaa ya vipindi vya bei nafuu. Kanda ikishaonyeshwa kwa miezi na watu wa mji wameshajua majina, timu yenyewe inafika, ukumbi unajaa, pesa ya mlangoni inaingia. Televisheni ilikuwa tangazo. Kazi ya kweli ilikuwa barabarani.

Kwenye mashine hiyo Joanie ndiye aliyekuwa injini. Mwaka 1965 akawa nahodha wa wanawake wa San Francisco Bay Bombers, timu iliyopendwa kuliko zote. Urefu wake ulikaribia mita 1.78 bila viatu. Akivaa magurudumu alionekana kutoka kiti cha mwisho cha ukumbi. Nywele zake za dhahabu zilimpa majina mengi ya utani, mojawapo likimfananisha na bomu la rangi ya dhahabu. Lakini wenzake waliomfahamu kazini walisifu zaidi mizani yake. Alikuwa na kasi ya mpenyaji na uzito wa mzuiaji, vitu viwili ambavyo kwa kawaida havikai kwenye mwili mmoja.

Kila malkia anahitaji adui. Wa kwake alikuwa Ann Calvello, mkubwa kwake kwa karibu miaka sita, mwanamke aliyepaka nywele rangi za kila namna muda mrefu kabla haijawa fasheni, ngozi imeungua kwa jua, pua imevunjika mara nyingi. Joanie alikuwa mwema, Ann alikuwa mbaya, na watazamaji walilipa kiingilio ili kuona nani atamshusha mwenzake. Ndiyo, kulikuwa na maigizo. Nisiwadanganye. Baadhi ya ugomvi ulipangwa, na matokeo nayo wakati mwingine yalikuwa na mkono wa mwenye mali. Lakini kasi haikupangwa. Mbao hazikupangwa. Mbavu zilizovunjika zilivunjika kweli.

Pesa na dharau

Miaka ya 60 na mwanzoni mwa 70 Joanie alikuwa miongoni mwa wanamichezo wa kike waliolipwa vizuri kuliko wote Marekani. Wakati wanawake wengine wenye vipaji walikuwa wanaomba nauli, yeye alikuwa anaishi kwa mchezo. Alipata mchumba huko huko kazini, akaolewa na Nick Scopas, naye mchezaji. Maisha yalikuwa safari: leo mji huu, kesho ule, usiku barabarani, mchana unajifunga vifundo upya.

Mapema miaka ya 70 ikawa kilele. Rola dabi ilijaza Madison Square Garden ya New York. Septemba 1972, watu zaidi ya 50,000 walikusanyika uwanja wa Comiskey Park, Chicago, kuangalia mechi moja. Mwaka huo huo Hollywood ikatoa filamu Kansas City Bomber, Raquel Welch akiwa mchezaji wa rola dabi.

Pamoja na hayo yote, kurasa za michezo za magazeti makubwa zilimpita Joanie kama hakuwepo. Wahariri waliuona mchezo wake kama sarakasi. Alikuwa na mwili wa Olimpiki na nidhamu ya Olimpiki, ila alichokifanya hakikuwa na Olimpiki. Mamilioni walimjua kwa jina, na bado alikuwa hahesabiwi. Hapa ndipo namwona karibu na wale wasichana wa Mbulu ambao wazee hawakumbuki majina yao. Mmoja alionekana na wote akakosa kuheshimiwa kama mwanamichezo. Wengine hawakuonekana kabisa.

Taa zilipozimwa

Desemba 1973 Jerry Seltzer alifunga biashara. Mafuta yalikuwa yamepanda bei baada ya vita vya Mashariki ya Kati, kusafirisha timu kukawa ghali, kuendesha kumbi nako hivyo hivyo, na watu walikuwa wanaogopa kuendesha magari kwenda kwenye burudani. Yeye kama mfanyabiashara alipiga hesabu, akaona hasara, akafunga.

Nimeisoma sehemu hii mara nyingi, na kila mara nakwama mahali pamoja. Wachezaji hawakupiga kura. Hawakuwa na kura. Njia ya mbao haikuwa yao, jina la timu halikuwa lao, kanda za video hazikuwa zao. Joanie alikuwa na miaka 38, nahodha, malkia, na miaka 19 ya kuanguka na kuinuka kwa ajili ya mchezo ule. Uamuzi ulipotoka, yeye na kijana aliyeingia jana walikuwa sawa. Wote walipokea taarifa.

Sisemi kwamba Seltzer alikuwa mtu mbaya. Bila familia yake hakuna rola dabi, na hakuna Joanie. Nasema tu kwamba kitu kinachomilikiwa na mtu mmoja kinakufa siku mtu huyo anapochoka.

Joanie hakuchoka. Mwaka 1977 ilianzishwa ligi nyingine huko California, akarudi kwenye mbao. Ligi ile ilidumu kama miaka kumi, bila kufikia makelele ya zamani. Vijana walikuwa na mambo mengine ya kuangalia. Mashabiki wa zamani walikuja na nywele nyeupe, wanakaa viti vya mbele, wanashangilia kumbukumbu zao kuliko mechi yenyewe. Aliendelea kuupenda mchezo mpaka mwili ulipokataa. Tarehe 10 Mei 1997, akiwa na miaka 62, aliaga dunia California kwa ugonjwa wa Creutzfeldt-Jakob, ugonjwa adimu unaoharibu ubongo. Magazeti makubwa yakaandika tanzia ndefu za heshima. Yale yale.

Wangeishia hapo, hii ingekuwa hadithi ya huzuni tu.

Walioanza upya

Mwaka 2001, miaka minne baada ya kifo chake, mtu mmoja jijini Austin, Texas, aliwakusanya wanawake akawaambia anataka kufufua rola dabi. Waliitikia wengi. Muda si mrefu mwenye wazo akatoweka, akawaacha na ahadi hewani. Mnajua kawaida yetu ikitokea hivyo: tunalaumu, tunaandika malalamiko kwenye magrupu, tunakwenda zetu. Wale wanawake hawakwenda. Wengi wao hawakuwa hata wanamichezo. Walikuwa wahudumu wa baa, walimu, wanafunzi, mama wenye watoto. Wakaamua kuendelea wenyewe.

Wakafika kwenye swali gumu: nani ana mamlaka? Mwaka 2003 wakagawanyika kwa sababu hiyo. Kundi moja likabaki na njia ya mbao iliyoinuliwa, na waanzilishi wachache wenye kauli ya mwisho. Kundi la pili likajiita Texas Rollergirls, likasema kila mchezaji ni mwenye mali. Na likafanya jambo ambalo kwa macho linaonekana dogo: likashuka kutoka kwenye mbao. Likachukua utepe, likachora njia kwenye sakafu ya kawaida, bapa kabisa.

Jamani, utepe ule ndio uliobadilisha kila kitu. Njia ya mbao ni ghali kujenga, ghali kusafirisha, inataka ghala la kuihifadhi. Anayeweza kuimiliki ni tajiri. Lakini sakafu iko kila mahali, kwenye ukumbi wa shule, kwenye maegesho, kwenye bohari lisilotumika. Ukishakuwa na sakafu, utepe na viatu, huhitaji kumsubiri mtu. Mwaka 2004 timu za miji mbalimbali zikaanza kujenga umoja wao, ambao baadaye uliitwa WFTDA, wenye kanuni kwamba mchezo unaendeshwa na wachezaji kwa ajili ya wachezaji. Wanagawana kazi: huyu anakusanya ada, yule anatafuta ukumbi, mwingine anauza tiketi, mwingine anafunza waamuzi. Kwa miaka kumi na kitu timu zikawa mamia, mabara tofauti. Mwaka 2011 lilifanyika Kombe la Dunia la kwanza, Toronto, Kanada. Hata Afrika lilifika: Cairo wana timu yao, CaiRollers, iliyoanza mwaka 2012.

Maigizo ya zamani wameyapunguza sana. Majina ya utani yamebaki, mechi zenyewe ni za kweli, nusu mbili za dakika 30 kila moja, na mpenyaji wa kila timu amevaa nyota kwenye helmeti. Televisheni wanayo kidogo. Hawajali sana. Ann Calvello, yule adui wa Joanie, aliishi mpaka 2006 na akawaona mabinti hao wakizunguka. Joanie hakuwaona.

Kwa hiyo jibu langu kwa mwenzangu wa Dongobesh ni hili. Mchezo ule haukupotea kwa sababu watu hawakuupenda. Watu 50,000 walikuwa Comiskey Park mwaka mmoja tu kabla haujafungwa. Ulipotea kwa sababu waliokuwa wanaanguka hawakuwa wenye njia. Na ulirudi bila kamera, bila tajiri, siku wanawake walipochora njia yao wenyewe chini.

Turudi hosteli

Nimeambiwa na rafiki mmoja kwamba sisi Watanzania hatuna cha kujifunza kwa Wamarekani wenye magurudumu, kwamba mazingira ni tofauti. Kweli, tofauti zipo. Barabara ya kupanda Mbulu ukiivalia viatu vya magurudumu utajuta. Lakini tazama historia yetu wenyewe. Mwaka 1965, kwenye Michezo ya Afrika huko Brazzaville, Theresia Dismas aliitwalia Tanzania medali ya fedha ya kurusha mkuki, miaka mitatu kabla ya Mexico ya Akhwari. Wangapi hapa chuoni wanalijua jina hilo? Mwaka 2023 Magdalena Shauri alikuwa wa tatu marathoni ya Berlin kwa saa 2:18:41. Wanawake wetu wanakimbia. Tunachokosa ni mahali pa kukimbilia pasipokufa mdhamini akiondoka.

Hapa chuoni nasi tulisubiri mdhamini arudi. Tukaandika barua. Bunge la wanafunzi likajadili bajeti ya michezo, hoja ya mbio za wanawake ikasogezwa kikao kijacho, na kikao kijacho kikakutana na mitihani. Simlaumu mtu. Na mimi nilikuwa mmoja wa walioandika barua halafu wakakaa.

Nilipomaliza kumsimulia mwenzangu haya yote, hakusema kitu kwa muda. Kisha akaniambia kitu nilichokuwa nimekisahau. Shule ya msingi tuliyosoma sisi watoto wa kule, kabla ya UMITASHUMTA, mwalimu alikuwa anachora njia za kukimbilia kwa majivu ya jikoni. Chokaa ilikuwa ghali. Mvua ikinyesha inafutika, kesho yake tunachora tena. Hakuna aliyesubiri mdhamini wa majivu.

Jumamosi iliyofuata, saa kumi na mbili asubuhi, alikuwa uwanja wa nyuma na raba zake, na wasichana wanne. Juzi nilihesabu kumi na mmoja, mmoja wao wa mwaka wa kwanza ambaye hajawahi kukimbia hata kuwahi daladala. Wana daftari. Kila mmoja anachangia shilingi 1,000 kwa wiki, boom likiingia au lisipoingia. Mweka hazina wanambadilisha kila mwezi, na kila jambo linapigiwa kura, hata rangi ya fulana, ambayo hawajakubaliana mpaka leo. Likizo wale wa kwetu wanataka kukutana Katesh, wafundishe wadogo zao wa shule za msingi, halafu wapande Mbulu.

Mimi si mkimbiaji. Kazi niliyopewa ni kuandika majina yao, vituo vyao na muda wao kila Jumamosi, ili siku mtu atakapowauliza wazee, pawepo pa kuangalia. Nimeanza ukurasa wa kwanza. Juu kabisa, kabla ya majina yao, niliandika jina la Joan Weston na miaka yake miwili, 1935 na 1997. Mweka hazina wa mwezi huu aliniuliza huyo naye amelipa ada lini. Nikamwambia alishalipa zamani.